Kuigiza na kusimulia darasani, je mdomo unafunguka?

Mtoto wa kidato cha kwanza hapa Tanzania katoka shule ya msingi ya serikali kasoma miaka saba kwa Kiswahili, alafu Januari anakuta masomo karibu yote ni kingereza, ukimuuliza kitu anasimama anaangalia chini. Mara nyingi jibu analo ila anaogopa kuchekwa. Ndo maana mi nawaunga mkono walimu wanaofundisha kingereza kwa vitendo na hadithi.

Ila tuangalie vizuri. James Asher wa California, aliyeanzisha njia ya vitendo miaka ya 1960, alitaka mwanafunzi asikie kwanza na kutii kwa mwili, simama, nenda mlangoni, gonga, kuongea kutakuja baadae. Kwaiyo mtoto anaweza kutii muhula mzima hajatoa sentensi hata moja. Na "ningejua nisingekuja" utaiigizaje kwa mikono?

Hapo ndo hadithi inaokoa. Blaine Ray, mwalimu wa Kispanyola hukohuko California, aliiongeza hadithi kwenye njia ya Asher, darasa linaijenga pamoja kwa maswali, nani kaiba kuku, kampeleka wapi, kwa nini, sentensi ileile inarudi mpaka inakaa ulimini. Kwetu si kitu kigeni, bibi akisema hadithi hadithi si tulikuwa tunaitikia hadithi njoo, hakuna aliyekaa kimya pale.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Darasa lina watoto 80, madawati yamebanana, kipindi dakika 40, na mtihani wa taifa wa kingereza ni wa kuandika. Hata Kenya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina sehemu ya stadi za kuongea lakini inajibiwa kwa kalamu! Mwalimu ambaye silabasi imemwacha nyuma siwezi kumlaumu. Alafu igizo la kukariri ndo linaloniumiza zaidi, wanaigiza walewale watatu, wengine wanapiga makofi, na hao watatu ukiwauliza swali nje ya walichokariri wanakwama.

Mi naona mwalimu asimulie na kuigiza dakika kumi tu, alafu kila mtoto amsimulie jirani yake, abadilishe mwizi, abadilishe mwisho. Midomo 40 inaongea kwa pamoja, kelele zitakuwepo na mkuu wa shule avumilie. Makosa ya sarufi mwalimu ayaandike pembeni ayaseme mwishoni bila kutaja mtu, maana ukimkatiza mtoto katikati ya hadithi yake kesho hanyooshi mkono.