Muacheni Joshua Johnson na wateja wake

Kila ikitajwa habari ya Joshua Johnson, yule mchoraji wa sura za watu wa Baltimore, jimbo la Maryland huko Marekani, lazima atokee mjuaji wa kuuliza mbona alichora wazungu karibu tupu, tena wengine wamiliki wa watumwa, na ye mwenyewe mweusi. Hilo swali linanikera aisee.

Mama yake alikuwa mtumwa, hata jina lake hati hazilitaji. Baba yake, mzungu George Johnson, alimnunua mwaka 1764 kwa pauni 25, yani mtu kamnunua mwanae kwa maandishi kabisa, afu 1782 ndo akamwandikia hati ya uhuru na humo akakiri kwamba huyu ni mwanangu. Wakati huo kijana alikuwa kawekwa kwa fundi anajifunza uhunzi. Kuchora nani alimfundisha? Desemba 1798 akalipia tangazo gazetini hapohapo Baltimore, akajiita jiniasi aliyejifundisha mwenyewe, na kwamba kapitia vikwazo vingi sana kwenye kujifunza kwake. Rangi yake hakuigusa kabisa. Maryland ya utumwa hiyo, na jamaa anajitangaza hivyo! Hapo mi namvulia kofia.

Sasa mtu anayekula kwa brashi mlitaka amchore nani? Wenye hela walikuwa wafanyabiashara na makapteni wa meli, wakaja, akawachora, wakalipa. Na zipo picha zake za wanaume wawili weusi, wamevaa vizuri, wamechorwa kwa heshima ileile ya matajiri.

Tatizo watu wanabishana bila kuangalia kazi. Ile ya watoto wa Westwood ya mwaka 1807 hivi, iko National Gallery of Art, Washington: wavulana watatu, nguo sare, sura kama mtoto mmoja aliyechorwa saizi tatu, wamekaza utafikiri wameambiwa wasipumue, na pembeni mbwa kang'ata ndege mdomoni. Kwenye picha nyingine utaona makochi yenye misumari ya shaba imepangwa mmojammoja kufuata ukingo, hakuna uliorukwa. Wataalamu wanasema ni ugumu wa mtu ambaye hakusoma sanaa, sawa, ila mi kwenye ile misumari namuona mhunzi.

Kinachoniuma ni kingine. Picha zinazohesabiwa kuwa zake zinapita 80, aliyoweka sahihi ni moja tu, ya Sarah Ogden Gustin. Alisahaulika mpaka 1939, J. Hall Pleasants, mtafiti wa koo za Baltimore, alipoanza kuziunganisha na mchoraji mmoja, na familia zenye picha zilikuwa zinakumbuka tu kwamba babu zao walichorwa na mtumwa wa fulani, kila nyumba na fulani wake. Hati za uhuru wake zimekuja kuonekana miaka ya 1990. Zaidi ya karne nzima picha iko ukutani sebuleni na jina la aliyeichora hawana, kwa hiyo kama kuna wa kuulizwa maswali, si tuanze na hao?