Weka grainda chini, anza na kondensa

Wiki iliyopita nimepita kwa shedi moja ya jua kali hapa Kisumu kutafuta boliti, nikapata pikapu ya Peugeot 504 imetolewa dashibodi, imelazwa juu ya gunia, na kijana ameshaipasua katikati na grainda ndio sanduku la AC la minibasi liingie. Dashibodi haikuwa hata na ufa. Jua la miaka yote hiyo haikuimaliza, imekuja kumalizwa na diski ya kukata chuma. Mwenye gari amesimama hapo anafurahi, ati sasa atakuwa na matundu manne ya hewa. Niliondoka bila kununua hizo boliti.

Hii maneno inaniuma kwa sababu ya kwetu pia ni 504. Mzee wangu ukimuuliza kwa nini alinunua Peugeot anakuanzia 1975, vile Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504, halafu anaenda 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas na ile ya V6, na usipomkatiza mtalala hapo. Hiyo pikapu imebeba mahindi miaka na miaka, na ndio ilimbeba nyanya yetu siku ya mwisho kumrudisha nyumbani. Sasa naitengeneza upya polepole, na AC naiweka kwa sababu ya mama. Ako na presha, kliniki yake iko Kisumu mjini, sisi tunakaa upande wa Ahero, na saa saba mchana hiyo kabini inakuwa ni kama umekaa ndani ya sufuria.

Shida ni kwamba watu wakichagua AC ya gari ya zamani wanaanzanga ndani. Sanduku gani, matundu mangapi, inapuliza aje. Kila fundi nimeongea naye ananionyesha evaporeta, ile ya ndani inapoza hewa, hakuna mtu ananipeleka mbele ya gari. Na kazi ya AC ni nini jameni, si ni kutoa joto ndani ya kabini na kwenda kuimwaga mbele kwa kondensa, ile inakaa mbele ya radieta kama radieta nyingine? Kama mbele haiwezi kumwaga hiyo joto, gesi haipoi ikageuka maji, presha inapanda, kompresa inayosukuma gesi inaumia, injini inavutwa, na ndani unapuliziwa hewa ya vuguvugu hata ukiwa na matundu kumi.

Nimejifunza hii kwa njia ya uchungu. Mwaka jana niliwekewa kondensa kuukuu iliyotolewa kwa gari fulani ya saluni, ile ya paipu moja inazunguka zunguka na mapezi katikati, ya nyakati za gesi ya R12, halafu tukajaza R134a, gesi iliyokuja baada yake. Kutoka Ahero mpaka Nyamasaria baridi safi kabisa, mama akaomba hata nipunguze. Tukafika Kondele, magari yamesimama, tuktuk mbele, boda kila upande, na ndani ya dakika chache hewa ikageuka moto. Mama akatoa leso akaanza kujipangusa uso, akasema tu, mwanangu fungua dirisha. Hakulalamika, na hiyo ndio iliniuma zaidi.

Nilikaa na hiyo gari wikendi mbili ndio nikaelewa. Feni ya 504 hainanga haraka, iko na sumaku ya umeme ambayo inaishika tu maji ya radieta yakipata moto. Kwa injini hiyo ni akili nzuri sana, inaokoa petroli na inaokoa nguvu. Lakini kwa kondensa ni balaa, kwa sababu ukisimama kwa foleni hewa haipiti mbele na feni bado imelala, inangoja radieta iivishwe kwanza. Kwa hivyo lazima kondensa ipate feni yake ya umeme, ipitie relei yake, yaani swichi inayowashwa na umeme, na iwake pamoja na klachi ya kompresa, sio ingoje mtu akumbuke kubonyeza swichi. Na kondensa yenyewe iwe ile ya njia nyingi bapa, maji ya gesi yanapita sambamba, kubwa vile itaweza kukaa mbele ya radieta bila kukata chochote. Hiyo ndio inaweza R134a kwa joto ya huku kwetu. Kabla ya hapo toa radieta ioshwe, kwa sababu unaiwekea jiko lingine puani.

Ukishamaliza mbele, hayo mengine ni rahisi. Kompresa chukua Sanden ya pistoni tano, ni ndogo na haitingishi injini kama zile York za zamani za pistoni za kusimama. Draya, ile chupa ya kukausha unyevu kwa gesi, weka mpya. Hosi pia mpya, za R134a, zile za zamani zinavuja polepole mpaka unamlaumu fundi bure. Kabureta iongezwe kitu cha kuinua mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama na AC ikiwaka, la sivyo gari inazima kwa kila taa.

Na ndani weka sanduku la kuning'inia chini ya dashibodi, linashikwa na boliti, siku hulitaki unalitoa. Nakubali litagonga magoti ya mtu wa katikati, na nakubali lile la minibasi linapuliza zaidi. Lakini hiyo ni kabini ya watu watatu, na ukivuta joto nyingi ndani lazima uwe na mahali pa kuimwaga mbele, tumerudi palepale.

Kuna wanaosema gari ya zamani fungua dirisha inatosha. Jioni ukitoka Maseno ukishuka, sawa, inatosha. Waje wakae na mama saa saba.

Gesi ya kupikia mkatae mtu yeyote anayetaka kukujazia. Inapoza, ndio, lakini evaporeta iko ndani ya kabini, ikivuja iko na wewe hapo kwa miguu na relei zinapiga cheche.

Kitu kingine, vakyum, yaani kuvuta hewa yote itoke kwa paipu kabla ya kujaza gesi. Fundi wangu wa sasa ni mtu makini, lakini alipiga pampu saa nzima akiniambia pampu imeharibika kwa sababu geji imekwama inchi 26 za zebaki na yeye amezoea Mombasa, huko inakaribia 30. Nikamwambia Kisumu tuko karibu mita 1,130 juu ya bahari, hewa yenyewe ya huku haina hiyo 30, ukifika 26 umefika. Nakuru ungeona kama 24 tu. Tukafunga vali, tukanywa chai, tukarudi baada ya nusu saa, sindano ya geji haijasonga, maana yake hakuna mahali panavuja.

Feni mpya imefungwa juzi, waya ya relei nimeivuta mwenyewe. Jumamosi tunajaza gesi, na Jumatatu mama ana kliniki. Nitapitia Kondele makusudi, saa saba.