Upepo wa Kukadiria kwa Macho

Fundi wa upepo pale Kimara, Dar es Salaam, alilizunguka gari langu, akayapiga teke matairi moja baada ya jingine, akaongeza kidogo ya nyuma, akasema, "Imekaa hiyo, dada." Nikamlipa. Geji ya kupimia upepo hakuigusa. Ilikuwa inaning'inia kwenye kompresa, kioo kimepasuka.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka kulipia plagi mpya na kusafishiwa nozeli, maana gari lilikuwa linabugia mafuta. Kule gereji hakuna aliyeuliza habari za matairi. Shemeji yangu ndiye aliyekuja Jumapili asubuhi na geji yake ya mfukoni, gari likiwa bado limelala, akapima: 24, 25, 22, 24. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 220. Hizo ni kilopaskali, gari limetoka Japani. Gawa kwa 6.9 unapata 32 kwa psi, kipimo cha upepo kinachosomwa na geji. Miaka minne nimeingia na kutoka kwenye mlango ule, sijawahi kukisoma. Kuna wanaosoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, lakini ile ni kikomo cha tairi lenyewe, gari lako haliijui.

Tairi lenye upepo mdogo hulala. Kila likizunguka mpira unajikunja na kujikunjua, na nguvu ya kusukuma gari inapotelea kwenye joto. Aliyewahi kupiga baiskeli yenye upepo nusu anazijua habari hizi kwa mapaja yake.

Sasa nisiwadanganye kama wale wa "jaza upepo, okoa nusu ya mafuta". Wizara ya Nishati ya Marekani inasema matairi yote yakipungua psi 1 kwa wastani, unapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Mimi nilipungukiwa na psi 8, basi ni asilimia 1.6. Kwenye tenki la lita 40 hiyo ni nusu lita na ushee tu. Foleni ya Ubungo, injini inaunguruma na kiyoyozi kimewashwa, inaweza kula zaidi ya hapo ndani ya saa moja.

Lakini tazama upande wa pili. Lita ikiwa shilingi 3,000, asilimia hiyo ni shilingi 48 kwa kila lita. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayotangaza bei kikomo za mafuta, ikisema kwamba bei imepanda shilingi 48, mji mzima unalalamika, na mimi nimo. Hii ya matairi tunajipandishia wenyewe, halafu tunamlaumu fundi wa nozeli.

Na mafuta ndiyo hasara ndogo. Matairi yangu ya mbele yamelika kingo zote mbili, katikati bado yana meno mazuri tu. Bei ya jozi ya matairi mnaijua.

Wapo pia wanaokimbilia upande mwingine. Dereva mmoja wa teksi aliniambia anajaza 45 ili gari "liteleze". Litateleza kweli, hasa mvua ya Aprili ikimkuta Barabara ya Mandela, kwa sababu tairi lililovimba linakanyaga zaidi kwa katikati. Kosa jingine ni kupima mchana baada ya kutoka Tegeta hadi Posta: matairi yamepata moto, geji inasoma juu, mtu anapunguza upepo. Asubuhi yanaamka yamelegea.

Juzi nilirudi palepale Kimara, safari hii na geji yangu. Yule fundi akacheka: "Dada, hujaniamini?" Akapiga teke tairi la mbele kushoto, akasema hilo halina neno. Nikampa geji apime mwenyewe. Ilisoma 38.