Marahaba Nikiwa Juu ya Ukuta

Kwa kuwa rafiki yangu ameshalitangazia kundi zima la WhatsApp kwamba nilimkimbia nyani kule Hell's Gate, nimeona heri niandike mwenyewe kabla hadithi haijaota mkia. Hapakuwa na nyani. Laiti angekuwako, ningekuwa na la kujitetea.

Mnaoijua hifadhi ile iliyo karibu na Ziwa Naivasha mnajua kwamba ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia bila kufungiwa garini. Tulikodi baiskeli, tukaupita mnara wa mwamba wa Fischer, na hadi hapo nilikuwa mtu na heshima zangu. Masaibu yalianza katika korongo la Ol Njorowa, ambako maji yamechonga mwamba wa volkano mpaka, mahali pengine, kuta mbili zimesogeleana kiasi cha mtu kuzigusa zote kwa mikono. Kabla hatujashuka, mwongozaji wetu alitueleza kwa utulivu kwamba mvua ikinyesha mbali huko juu, mafuriko huweza kufika humu ghafla hata kama jua linawaka vichwani mwenu, na kwamba ndivyo watu walivyopoteza maisha mwaka 2012 na tena 2019. Wenzangu walitikisa vichwa na kuendelea na mazungumzo yao. Mimi niliyahifadhi maneno yale moyoni, neno kwa neno.

Tulipofika mahali pembamba kabisa, wenzangu wakiwa wameshakata kona, nikasikia mngurumo. Ulitoka nyuma yangu, ukagonga ukuta huu, ukagonga ule, ukazidi kukua. Sasa ninyi mnaonisoma hapa mkichekelea, niambieni mngefanya nini. Niliweka mguu mmoja kwenye ukuta wa kulia, wa pili kwenye ukuta wa kushoto, mikono vivyo hivyo, nikajisukuma juu hatua kwa hatua mpaka nikawa kama daraja juu ya kijito, kimo cha mtu mzima kutoka chini. Ndipo suruali ilipopasuka. Haikuwa na haraka: ilianza nyuma, chini kidogo ya mkanda, ikaufuata mshono taratibu mpaka karibu na zipu, na kuta zile zikaurudia mlio wake kwa uaminifu mkubwa.

Kisha mafuriko yakakata kona. Walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi wenye sare na viatu vizito, na walikuwa wametoka Pwani. Naisisitiza Pwani kwa sababu mtoto aliyelelewa kule hampiti mtu mzima bila kumwamkia, hata kama mtu mzima huyo yuko juu yake, miguu imetanuka, na suruali haina tena la kuficha.

Wa kwanza aliinua macho, akayashusha upesi, akasema, “Shikamoo.”

“Marahaba,” nikasema.

Akainama, akapita chini yangu. Akaja wa pili. “Shikamoo.” “Marahaba.” Nilitaka kushuka, lakini kila nilipotazama chini palikuwa na kichwa cha mtoto, nilitaka kubana miguu, lakini miguu hiyo ndiyo iliyonizuia kuanguka. Hapo ndipo mkono wangu wa kushoto uliponitaarifu kwamba umeegemea mahali ambapo maji ya moto huchuruzika kutoka mwambani, maana ardhi ya eneo hili la Olkaria huchemka chini kwa chini, na ni hapo hapo Kenya inapochimba mvuke wa kuzalisha umeme. Nikawa nainua kidole kimoja kimoja ili kukipumzisha, huku nikiitikia marahaba kwa sauti iliyozidi kupanda, mpaka nadhani watoto wa nyuma waliamini wanaitikiwa na bibi.

Mwalimu alikuwa wa mwisho. Alisimama, akatazama juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Pole, kaka. Unafanya mazoezi?”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Hongera,” akasema, akapita.

Yaliyofuata hayana uzito. Mwongozaji alirudi, akanikamata kiunoni, akaniteremsha. Rafiki yangu akarekodi miguu yangu tu, ndiyo maana amepata nafasi ya kumwingiza nyani wake. Nilijifunga sweta kiunoni, nikapanda baiskeli, nikaanza safari ya kurudi langoni nikiwa nimekalia upande mmoja wa kiti.

Njiani basi la wanafunzi likatupita katikati ya vumbi, na kila dirisha likatoa vichwa: “Shikamooo!” Nikainua mkono kuitikia, sweta likafunguka. Sehemu hiyo haikurekodiwa, kwa hiyo nawaomba mridhike na maelezo haya, na anayenitumia picha za nyani tangu asubuhi akome.