Boti Ikichelewa Twanyamaza, Sauti Ikichelewa Twagombana

Sisi watu wa visiwani tuna subira ya ajabu. Boti ya saa 3 ikang'oa nanga saa 5, twakaa bandarini Malindi na mabegi yetu twatafuna korosho. Fundi akisema kesho, twahesabu wiki. Urojo twausubiri tumesimama, mwenye kuuza anazungumza na simu, na hakuna wa kumwambia neno. Lakini mvishe mtu hedifoni, mpe maiki, halafu sauti yake mwenyewe imrudie sikioni imechelewa milisekunde 40, yaani hata nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Khaa! Anavua hedifoni, anaitupa kitandani (maana studio yenyewe si ndiyo chumba cha kulala), anakutazama kama wewe ndiye uliyemwibia kuku wake.

Na sisi wenye vistudio vya nyumbani dawa yetu ni moja tu: maiki mpya. Mtu anavuka bahari mpaka Kariakoo, anarudi na maiki ya rangi ya dhahabu ndani ya sanduku kama la pete ya posa. Anaichomeka. Sauti inachelewa vilevile, ila sasa inachelewa kwa uzuri zaidi. Yakhe, maiki haichelewi! Pumzi ikigusa kiwambo, umeme umeshatoka. Anayechelewa ni kompyuta, na anachelewa kwa sababu ya ndoo.

Ndiyo, ndoo. Wenyewe wanaiita bafa. Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone; inasubiri ndoo ijae ndipo iinyanyue. Sauti ikirekodiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde (sampuli ndiyo tone lenyewe, kipimo kimoja kidogo cha sauti), na bafa ikiwekwa sampuli 1,024, ndoo hiyo inajaa kwa milisekunde 23. Hiyo ni ya kuingilia. Ya kutokea nayo ni 23 nyingine. Jumla 46, bado hujahesabu muda wa kubadilisha umeme kuwa tarakimu na kuurudisha. Hewani sauti inatembea kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Piga hesabu: mwimbaji yuko chumbani kwako, masikio yake yako mita 16 mbali, barazani kwa jirani, yanacheza bao.

Iteremshe bafa mpaka 128. Ndoo inajaa kwa milisekunde 2.9, kwenda na kurudi karibu 6, ukiongeza ushuru wa njiani zinafika 8 au 10. Hapo hagombani mtu. Kwenye taarabu mpiga fidla wa safu ya nyuma anakaa mita 3 kutoka kwa mwimbaji, yaani milisekunde 9 za bure, na kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa wanapiga tangu 1905 bila kumshtaki yeyote. Mwimbaji tu ndiye mwenye sikio la shari, na ana sababu: sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, haraka, halafu ile ya hedifoni inakuja nyuma kidogo, zinakutana na kukatana. Ndiyo maana anakwambia anajisikia kama anaimba ndani ya bomba la maji wakati mpiga gitaa hana habari.

Basi si tuweke 32 tumalize? Weka uone. Kompyuta inakimbizana na vikombe badala ya ndoo, inaishiwa pumzi, na rekodi inajaa milio ya bisi kwenye sufuria. Mkiisikia hiyo, pandeni ngazi moja: 64, kisha 128. Wakati wa kuingiza sauti tumia ndogo. Wakati wa kumiksi irudishe 1,024, hakuna anayeimba, kuchelewa kwake kunamuudhi nani?

Sasa kuna wanaoteremsha bafa na hakibadiliki kitu. Fungua mipangilio ya programu yako ya kurekodi, iwe FL Studio, Cubase au Reaper, tazama imechagua drayva gani, yaani kile kiprogramu kinachoisemesha kompyuta na kifaa cha sauti. Kama imechagua ile ya kawaida ya Windows, sauti inapita mlango kwa mlango kama mtu anayefuatilia muhuri ofisini. Chagua ASIO, njia ya mkato iliyobuniwa na Steinberg kwa kazi hii hasa. Iwe ASIO ya kifaa chako, yaani kadi ya sauti unayochomekea maiki, iliyoshushwa kutoka kwa aliyekitengeneza. Kifaa kikiwa hakina yake, ipo ASIO4ALL ya bure, nayo ni kiraka. Kiraka kinasitiri lakini hakiwi nguo. Wenye Mac ugomvi huu wameepushiwa, yao imo ndani tangu dukani. Wana mengine ya kulipia.

Drayva imekaa sawa, bado bisi? Hebu tazama hiyo kompyuta. Kurasa 34 za intaneti ziko wazi, mechi inashushwa, simu inachajiwa hapohapo. Funga vyote. Zima Wi-Fi, zima Bluetooth. Kuna programu ya bure, LatencyMon, inakuonyesha drayva ipi inaing'ang'ania kompyuta kwa muda mrefu, na mara nyingi utaikuta ya Wi-Fi imekaa kichwani kwa foleni kama ndugu wa mwenye duka. Mpangilio wa umeme uuweke kwenye nguvu kamili, na ule ubahili wa Windows wa kuzima milango ya USB nao uuzime. Kadi ya sauti ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja; ukiipitisha kwenye kile kigawanyio cha matundu 4 pamoja na feni ndogo na taa, umeitafutia ugomvi.

Wengine kosa liko kwenye mradi wenyewe. Biti ina pulagini 40, vile viprogramu vya madoido, na kwenye chaneli kuu kuna limita, ile ya kuzuia sauti isipite kiwango, inayochungulia mbele kabla ya kubana. Kuchungulia mbele maana yake ni kusubiri, na programu inazisubirisha chaneli nyingine zote ziende sawa na huyo mmoja. Bafa ni 64 na mwimbaji bado analalamika! Toa biti yote iwe faili moja la WAV, fungua mradi mpya mtupu, iweke humo, ingiza sauti, kisha rudi kwenye mradi wako na madoido yako.

Lakini yote haya, skwambii, mara nyingi yanakwisha kwa kitufe kimoja kilichoko usoni mwa kadi ya sauti. Kimeandikwa kwa herufi ndogo, kina picha ya hedifoni au kichwa cha mtu, na watu wanakaa nacho miaka 3 wakidhani ni pambo. Hicho kinampelekea mwimbaji sauti yake kutoka kwenye maiki moja kwa moja, bila kupita kwenye kompyuta. Ukikiwasha, nyamazisha usikilizaji wa chaneli hiyo kwenye programu. Usiponyamazisha atajisikia mara 2, yeye na pacha wake.

Kisha usubiri lalamiko linalofuata: “Mbona haina mwangwi?” Mwimbaji wa huku bila mwangwi anajiona yuko uchi. Sawa. Kwenye programu, washa tena usikilizaji wa chaneli yake lakini uipeleke kwenye reverb tu, yaani ile pulagini ya mwangwi, ukiiweka itoe mwangwi mtupu asilimia 100, ile sauti kavu isitoke kabisa. Kavu inatoka kwenye kitufe papo hapo, mwangwi unakuja nyuma milisekunde 20, na mwangwi kazi yake si ndiyo hiyo, kuja nyuma? Amestirika.

Na kijana anayekuja na vile visikilizio vya Bluetooth kama njugu masikioni, mrudishe mlangoni. Vinachelewesha zaidi ya milisekunde 100, mara nyingi karibu 200. Kwenye biti ya mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600, robo yake 150. Ataimba nyuma ya biti mpaka wimbo uishe, na lawama utabeba wewe. Hedifoni ya waya, ya kufunika sikio lote, mgongo wake usiwe na matundu, la sivyo tiki-tiki ya metronomu inaingia kwenye maiki na haitoki humo mpaka Kiyama.

Tukija kwenye kununua, ndipo presha inapopanda. Madukani kuna kile kisanduku chenye taa za rangi na vitufe vya kupiga makofi na kucheka. Ati kadi ya studio! Kinaunganishwa kwa waya mwembamba wa simu, drayva hakina, na cha kuchekesha kinachekesha kweli, maana katikati ya kaswida kiwiko kikigusa kitufe, umati unaangua kicheko. Unachotaka ni kadi yenye tundu 1 au 2 za maiki za XLR (ile plagi ya duara ya miguu 3), umeme wa volti 48 wa kulisha maiki za kondensa, biti 24 (hizi za kompyuta, si za kuimbia), kile kitufe cha hedifoni, na drayva ya ASIO ya kwake mwenyewe. Basi. Akikupigia debe la sampuli 192,000 kwa sekunde, muulize bei ya isiyokuwa nayo. Hata miksa kubwa yenye tundu la USB iulize drayva kwanza. Nyingine hizo zinatoa chaneli 2 tu, vitelezeshi 12 ni vya kupendezesha meza.

Maiki sasa. Ukiwa na chumba Kikwajuni chenye dari ya bati, kondensa itasikia mpaka usichokidhamiria. Muuza kahawa akigonga vikombe vyake, imo. Vespa, imo. Kunguru, hawa walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 waje wale taka za mjini, taka wamezibakisha wanakula rekodi zetu. Mwimbaji wa chumba hicho mpe maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyoko sokoni tangu 1966, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili “pa” na “ba” zisipige kama mlango. Haina haja ya volti 48 na ikianguka inaokotwa. Lakini ala za udi na kanuni si za kuwekea hiyo: sauti zao ni ndogo, utapandisha geini, yaani kile kitufe cha kuikuza maiki, mpaka usikie mvumo wa kadi yenyewe. Hapo kondensa ina kazi yake, sentimita 30 au 40 juu ya nyuzi, na rekodi usiku ule umekwisha utulia. Kilele cha sauti kiishie kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Taa nyekundu si ushujaa.

Chumba chenyewe, mwaka wa ngapi huu twabandika trei za mayai? Trei inapunguza ukali kidogo wa juu, mvumo wa chini unapita kama haujaiona. Kanga 6 ukutani vilevile, ni nyembamba mno. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinarudisha sauti kama deni. Kinachonyonya ni unene: godoro la sufi lililochoka, lisimamishe nyuma ya mwimbaji, kwa sababu huko ndiko maiki inakotazama. Au tengeneza fremu ya mbao ya kina cha sentimita 10, jaza usumba, funika kwa kitambaa unachoweza kupuliza hewa kikapita. Usumba tunaufukia pwani wenyewe, halafu tunaulizia bei ya sponji kutoka Dubai. Uwe mbali na taa ya moto tu.

Umeme nao hauachi mtu. Ukichomoa chaja, kompyuta inapunguza kasi na bisi zinarudi. Ukichomeka, spika zinavuma “mmmmm” kama nyuki, huo ndio mzunguko wa 50 kwa sekunde wa umeme wetu na watoto wake. Jaribu: chomoa chaja, mvumo ukikata, ni mambo ya ethi, ule waya wa ardhini. Vifaa vyote viingie kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, na waya za spika ziwe zile ambazo plagi yake ina pete nyeusi 2, si 1. Wapo wanaovunja ule mguu wa tatu wa plagi mvumo ukatike. Unakatika, na wewe unaweza kukatika nao. Weka na UPS, ile betri ya akiba, halafu programu ijihifadhi kila dakika 5. Unguja imewahi kukaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. UPS ya dakika 15 haikusudiwi kwa hayo, lakini inatosha kufunga mradi kwa heshima.

Chumvi ya bahari inakula miguu ya XLR. Maiki ilale kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, 1928 alipanda meli mpaka Bombay kurekodi, na alipofika akaimba, sindano ikachora kwenye nta palepale. Kuchelewa kote kulikuwa baharini.

Limebaki moja, la wale wanaoimba vizuri halafu sauti ikichezwa inakutwa nyuma ya biti. Chukua waya, toa kwenye tundu la spika la kadi, ingiza kwenye tundu la kurekodia la laini (Line). Cheza mlio mmoja, urekodi, kuza picha, hesabu umechelewa sampuli ngapi. Zikiwa 90, andika 90 kwenye sehemu ya marekebisho ya kurekodi, programu itaivuta sauti nyuma yenyewe kila mara.

Hapo kompyuta umeimaliza, kila sampuli unaijua ilipo. Mwimbaji uliyemwambia aje baada ya magharibi, sasa isha imeshasaliwa, ukimpigia anakwambia yuko hapahapa Michenzani anakuja, na nyuma yake jogoo wa Bumbwini, kule shamba, anawika.