Dakika 40, wanafunzi 80 na mkalimani wa Mangungo

Dakika 40, wanafunzi 80: kila mmoja nusu dakika. Nimeisikia hesabu hiyo mara nyingi katika ofisi za walimu wa shule za msingi, na karibu kila mara hutajwa pale igizo dhima, mbinu ya kufundisha kwa kumpa mtoto nafasi ya mtu mwingine, linapoingia kwenye mazungumzo. Mtoto mmoja awe mgonjwa, mwingine nesi. Mmoja awe muuzaji, mwingine mnunuzi. Mmoja awe mkoloni, mwingine mtemi. Mtaala wa Tanzania unaipenda mbinu hii, wathibiti ubora wa shule wanaitafuta kwenye andalio la somo, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 80 anauliza: nimsimamishe nani, nimwache nani, na mada nitaimaliza lini?

Swali lake lina uzito. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wameongezeka kuliko vyumba, na darasa la 80 halimshangazi mtu tena. Dawati la watu watatu linakaliwa na wanne au watano. Kikundi kikicheka upande huu, upande wa pili wa ukuta hesabu zinavurugika, na mwalimu jirani anakuja mlangoni kuuliza kuna nini. Wengi wetu tulifundishwa igizo dhima chuoni kwa kuandikishwa faida zake na hasara zake. Kuliendesha hasa, mbele ya mkufunzi, hatukuwahi. Na mwishoni unasubiri mtihani wa darasa la saba, ambao tangu 2012 sehemu kubwa ya majibu yake ni kusiliba herufi kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mwalimu anayepimwa kwa herufi hizo akichagua kufundisha kwa ubao na chaki, sina haki ya kumwita mvivu.

Lakini ile hesabu ya nusu dakika inanisumbua, kwa sababu hufanywa upande mmoja tu. Tuifanye na upande wa pili. Katika kipindi cha kawaida mwalimu anaeleza na kuandika ubaoni dakika 30. Zinabaki dakika 10 za maswali na majibu, yaani sekunde 600. Zigawe kwa watoto 80: kila mmoja sekunde saba na nusu. Hata hizo hazigawanywi sawasawa, zinachukuliwa na watoto watano au sita wa mbele ambao mikono yao iko juu siku zote. Sasa chukua watoto haohao, wagawe vikundi 10 vya wanane wanane, wape dakika 15 tu za kupanga na kuigiza hapohapo walipokaa, vyote kwa wakati mmoja. Dakika 15 kwa watu wanane ni karibu dakika mbili kwa kila mtoto. Nitaambiwa kwamba vikundi vingine vitapiga soga. Ni kweli. Hata nusu ya muda ikipotea, mtoto wa dawati la nyuma amepata dakika nzima ya kufungua kinywa ndani ya somo, kitu ambacho huenda hakukipata muhula mzima. Anayesema darasa kubwa haliwezi igizo dhima huwa anafikiria kikundi kimoja mbele na wenzao 72 wakitazama. Kwa namna hiyo ni kweli haliwezi.

Mimi mwenyewe nilifundisha mikataba ya ulaghai kwa maelezo ya ubaoni kwa miaka kadhaa. Novemba 1884, Mjerumani Karl Peters afika Usagara kutafuta ardhi, mtemi Mangungo wa Msovero atia alama kwenye karatasi ya mkataba, nukta, mada inayofuata. Watoto walijibu vizuri kwenye jaribio. Mwaka mmoja nikajaribu kuligawa darasa: Mangungo, Peters, mkalimani, wazee watatu wa baraza, mwandishi wa mkataba, na mmoja wa kuandika kila kilichosemwa. Mvulana aliyepewa Peters akatoa sauti alizodhani ni Kijerumani. Msichana aliyekuwa mkalimani akamsikiliza, akamgeukia Mangungo, akanyamaza. Kisha akanigeukia mimi: "Mwalimu, nimwambie ukweli?"

Katika maelezo yangu ya ubaoni mkalimani hakuwamo kabisa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimefundisha mkataba kati ya watu wawili wasiojua lugha ya mwenzake, na sikuwahi kumweka mtu wa tatu ambaye bila yeye hakuna lililoweza kutokea. Swali la yule msichana lilifungua mengine. Mkalimani alilipwa na nani? Mangungo aliambiwa ni urafiki au ni ardhi? Mmoja wa wale wazee akadai ardhi ya ukoo haiwezi kutolewa na mtu mmoja, hata akiwa mtemi, na mwenzake akambishia. Nilipowaeleza baadaye kwamba Februari 1885, miezi mitatu tu tangu siku ile, serikali ya Bismarck ilitumia karatasi hizo kutangaza ulinzi wa Ujerumani juu ya nchi hizo, walinyamaza kwa namna ambayo darasa langu la ubaoni halikuwahi kunyamaza.

Kipindi hicho kilizidi muda. Mada iliyofuata niliifundisha kwa haraka kuliko ilivyostahili, na deni hilo lilikuwa la kweli.

Kuna hatari nyingine ambayo watetezi wa mbinu hii, nikiwemo, hatuitaji vya kutosha. Katika kikundi kimoja siku ileile Mangungo aliigizwa kama mjinga: mate yanamtoka, anashangilia shanga, darasa linaangua kicheko. Jina la Mangungo tayari hutupwa bungeni na vijiweni kila mkataba unaposhukiwa, kana kwamba alikuwa mtu asiye na akili. Igizo lisilofuatiwa na maswali humkomaza mtoto katika dharau hiyo, tena kwa nguvu kuliko kitabu, kwa sababu amelicheka kwa mwili wake. Vivyo hivyo kwa watoto wenyewe. Mtoto akipewa nafasi ya mwizi leo, ataitwa "mwizi" uwanjani hadi anamaliza shule. Msichana yuleyule hupewa mke anayepigwa, na mvulana yuleyule bosi. Mwenye aibu anasukumwa mbele wenzake wakimcheka, na hapo hajifunzi kitu ila kuogopa somo. Mwalimu asiye na muda wa kuwavua watoto nafasi zao kabla hawajatoka nje, kwa kuwaita majina yao halisi na kuuliza kila mmoja alijisikiaje kuwa yule mtu, ni heri asianze.

Hata hivyo naona chanzo kikubwa cha kutoelewana ni picha tuliyo nayo ya igizo la shule. Tumekua na ngonjera. Mathias Mnyampala alipoziasisi katika miaka ya 1960, ngonjera zilikuwa ushairi wa majibizano, na majibizano ni mabishano. Shuleni zikageuka kuwa watoto wenye sare safi wakikariri mbele ya mgeni rasmi maneno yaliyotungwa na mwalimu, mikono ikiinuka kwa pamoja. Kwa hiyo mwalimu akisikia "igizo" anafikiria mavazi, wiki mbili za mazoezi na mgeni wa kupigiwa makofi, na anasema hana muda. Ana haki, ila hicho si igizo dhima. Darasani hakuna wa kuonyeshwa. Faida iko pale mtoto anapotakiwa kuamua aseme nini akiwa mtu mwingine, na hapo anagundua kwamba hajui, na kwamba lazima ajue. Watazamaji wasipokuwepo kabisa, hakuna kilichopungua.

Ushahidi mzuri kuliko wangu upo karibu. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikusanya wenyewe mambo yanayowakwamisha shuleni, wakayachambua, wakayatungia maigizo, nyimbo na ngoma, wakayaonyesha, kisha wakajadiliana na walimu hatua za kuchukua. Shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana, likaipeleka mbinu hiyo katika nchi nyingine za Afrika. Maneno yalikuwa ya wasichana, na hilo ndilo linaloitofautisha Tuseme na ngonjera ya mgeni rasmi. Mpinzani wa igizo dhima naye ana hoja hapa: Tuseme iliishi zaidi kwenye vilabu, nje ya ratiba ya masomo, kwa wanafunzi wachache wenye mlezi aliyefundwa kazi hiyo. Sidhani inatosha kuiangusha hoja yangu, ila inaonyesha kwamba mlezi asiyefundwa hawezi kupata matokeo yale.

Yapo pia masomo ambayo sioni faida ya kuigiza. Kugawanya sehemu kwa sehemu kunahitaji mazoezi mengi na masahihisho ya haraka. Sekondari kuna ugumu wa peke yake, Kiingereza: kijana anayeweza kubishana vizuri kama mzee wa baraza kwa Kiswahili anabaki na sentensi mbili alizokariri. Wengine wanasema hapo ndipo lugha inapopatikana. Kwa niliyoyaona, inapatikana iwapo mwalimu anavumilia makosa, na anayemcheka mwenzake akizuiwa.

Kwa hiyo sitaki igizo dhima kila kipindi, na wathibiti ubora waache kuhesabu limeandikwa mara ngapi kwenye maandalio, maana mengi yaliyoandikwa hayakufanyika. Mada moja au mbili kwa muhula zinatosha, zile zenye mtu wa kuamua jambo zito: mkataba, ndoa ya mtoto, mgogoro wa wakulima na wafugaji, mgonjwa anayekataa dawa. Ila mtihani ukibaki ulivyo, hata hizo mbili zitaachwa. Fikiria swali moja la kuandika katika karatasi ya darasa la saba ya Septemba: "Wewe ni mkalimani kati ya Karl Peters na Mangungo. Andika sentensi tatu utakazomwambia Mangungo kabla hajatia alama, na ueleze kwa nini." Mashine haiwezi kulisoma jibu hilo, na watahiniwa ni zaidi ya milioni moja. Lakini insha za kidato cha nne husahihishwa na walimu kwa kalamu nyekundu kila mwaka, na sijasikia aliyependekeza zifutwe kwa sababu ya gharama.