Kufungia nchi nzima kwa sababu ya dopingi

Kuna makala inasema nchi ikikamatwa na dopingi, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu michezoni, wanariadha wake wote wakae nyumbani. Hapana. Lakini ndugu, tusidanganyane pia: kusema hujawahi kukutwa na kitu hakutoshi kama waliokupima ni walewale waliooza. Olimpiki ya Sochi 2014 mikojo ya Warusi ilibadilishwa usiku kupitia tundu la ukutani, karatasi zikaonyesha wako safi. Vipimo vya Urusi havikuaminika tena, ndiyo maana Olimpiki ya Rio 2016, upande wa riadha, ilibaki na mruka mbali Darya Klishina peke yake: alikuwa akiishi na kufanya mazoezi Florida, akipimwa na watu wa nje.

Basi mkimbiaji wa Goma au Lubumbashi ajijengee ushahidi kwamba yuko safi. Kongo haina maabara iliyoidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dopingi, sampuli lazima isafiri. Achague mwenyewe kisanduku cha chupa za sampuli, alinganishe namba za chupa A na B na ile ya kwenye fomu ya upimaji, atoe mkojo usiopungua mililita 90, afunge kwa mkono wake. Asibugie maji: mkojo ukiwa mwepesi mno ataombwa mwingine, na hapo anakesha. Fomuni aandike dawa zote za siku 7 zilizopita.

Wetu wengi wataponzwa na dawa za farmasi, si na hila za serikali. Prednisolone na dexamethasone, dawa za kutuliza uvimbe na mzio, zinauzwa mtaani bila karatasi ya daktari, kumbe kwenye mashindano ni marufuku. Vidonge viachwe angalau siku 3 kabla. Dexamethasone ya sindano ya msuli, siku 5.